Jua Lipi?

Jumamosi napiga harusi.
Jumatatu ni watoto wa shule, mmoja mmoja,
nywele zimelazwa kwa mate ya mama zao.
Jumatano ni pasipoti: usicheke,
kidevu chini, tazama hapa, paundi nane.
Hizo ndizo zinazolipa gesi.

Alhamisi jioni hailipi kitu.
Napanda ngazi za kanisa lililofungwa
hadi chumba cha juu chenye sinki moja na taa nyekundu,
nakuta wamenitangulia:
Idwal, aliyepasua mawe ya kuezekea miaka thelathini na minane,
kifua chake kingali kikipiga filimbi;
Mererid wa buchani, ananukia sabuni na mafuta ya kondoo;
na ndugu wawili wa ukoo wa Prydderch
wasiosemezana ila kupitia kwangu.
“Mwambie anipe mkasi.”

Fomu ya ruzuku ilikuwa kurasa kumi na tisa.
*Eleza matokeo yanayotarajiwa.*
Niliandika: sijui.
Nikafuta. Nikaandika: mshikamano wa jamii.

Kazi yenyewe ni hii:
mkebe wa bia, tundu la ncha ya sindano,
karatasi ya picha imejikunja gizani.
Ufunge penye nguzo, uelekee kusini,
uuache miezi sita. Usiuguse.
Jua litajiandika lenyewe,
mstari mmoja kwa siku,
kila siku juu kidogo ya jana.

“Jua lipi?” akauliza Idwal,
na chumba kizima kikaangua kicheko,
hata Prydderch kwa Prydderch,
maana mji wetu wa Tanygraig
huvaa mvua kama shati la kazi.

Desemba tukafunga mikebe thelathini na mmoja:
uzio wa uwanja wa raga, bomba la zahanati,
mti wa makaburini karibu na mke wa Idwal
(aliomba ruhusa yake kwanza, kofia mkononi).

Februari polisi wakafunga barabara kuu saa tatu nzima
kwa mkebe mmoja wenye utepe mweusi nyuma ya benki.
Nikaenda kueleza, kamera shingoni.
Askari, ambaye picha yake ya darasa la kwanza niliipiga mimi,
bila meno mawili ya mbele,
aliubeba kwa viganja kama yai.
“Nimeuharibu?”
Umeuharibu.
Alhamisi iliyofuata alikuja, akakaa nyuma, hajavua koti.

Juni tukaifungua.
Kumi na miwili haikuonekana. Minne ilijaa maji.
Wa Heulwen, tarishi
(jina lake kwao ni mwanga wa jua,
naye utani huo umemchosha tangu utotoni),
ulikuwa na konokono.
Alikuwa ameila Machi yote
akaacha njia yake ng'avu ikikatiza Aprili.
Nikanyoosha mkono niitupe. Heulwen akanishika.
“Hiyo ni njia yangu ya barua,” akasema.
“Zunguka, lowa, rudi.”
Ndiyo iliyopanda kwenye bango.

Wa Idwal ulitoka mzima.
Matao ya jua juu ya mawe, mengine yamekatika,
na katikati pengo jeusi, pana kama mkanda.
“Hapa,” akaweka kidole, “ndipo nilipolazwa hospitali.”
Lilikuwa wingu. Kazi yangu ni mwanga, najua wingu.
Sikumsahihisha.
Kisha akajitafuta kwenye picha.
Alikwenda pale kila Jumapili aliyoweza,
akasimama, akaongea.
Hayumo. Karatasi ya miezi sita
haimwoni mtu mpaka awe jiwe.
Akainamisha miwani, akatazama tena,
akaniomba nakala mbili.

Jumamosi hii nina harusi.
Bibi harusi amepiga simu kuuliza
kama naweza kuondoa mawingu kwenye picha.
Nimesema naweza.
Ni paundi kumi na tano zaidi.